Msomaji Asiyeona na Mashine Isomayo Kiswahili

Katika Kiswahili neno "kusoma" lina maana zaidi ya moja, na maana hizo hazitengani kwa urahisi. Kusoma ni kupitisha jicho juu ya maandishi na kuyafahamu. Kusoma ni kujifunza. Na kusoma vile vile ni kutoa sauti ya maandishi mbele ya wenye kusikiliza. Mtoto wa chuoni husoma kwa sauti, naye mwalimu humsahihisha kwa sikio. Utenzi nao uliandikwa ili usomwe kwa mahadhi mbele ya watu, wala haukukusudiwa kubaki kimya juu ya karatasi. Kwa hiyo mashine isomayo Kiswahili kwa sauti si kioja kama idhaniwavyo. Ni msomaji mpya aliyeingia barazani, na kama msomaji mwingine yeyote yapasa ahukumiwe kwa usomaji wake: je, hutamka sawasawa, hupumzika panapostahili, huonyesha maana ya kile akisomacho?

Hukumu hiyo haijatolewa vya kutosha. Mashine hizi husifiwa kwa kuwa zipo, kana kwamba kuwapo kwatosha. Mtu mwenye macho akisikia mashine ikikosea hucheka, kisha huutazama ukurasa na kujua ukweli. Mwanafunzi asiyeona hana ukurasa wa kuutazama. Kwake yeye sauti ile ndiyo kitabu, ndiyo kamusi, na aghalabu ndiyo mwalimu wa sarufi. Kosa la mashine halimfikii kama kosa la mashine, bali humfikia kama Kiswahili; na siku ya mtihani ni yeye atakayeandika kosa hilo na kunyimwa alama kwa ajili yake.

Kabla ya mashine hizi palikuwa na kidole. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alitangaza mwaka 1829 maandishi yake ya nukta nundu, ambayo kila alama hufanywa kwa nukta zisizozidi sita, na kwa mpangilio huo hupatikana alama 63. Maandishi hayo yalifika Afrika Mashariki pamoja na shule za wasioona. Katika Tanganyika shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950. Katika Kenya shule ya Thika ilikwisha kuanzishwa na Jeshi la Wokovu katika miaka ya 1940. Wanafunzi wengi wasioona wa nchi hizi walijifunza kusoma kwa njia hiyo. Lakini kitabu cha nukta nundu ni kizito, karatasi yake ni nene, na kitabu kimoja cha chapa hugeuka kuwa majalada kadhaa. Kitabu kipya cha mtaala kilipotolewa, wenye macho walikipata dukani, na wasioona walingoja.

Mashine ya kusoma ilikuja kuupunguza ungojeaji huo. Programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, akisaidiwa na mwenziwe James Teh, naye pia asiyeona. Nayo hutolewa bure. Sauti inayokuja pamoja nayo hutoka katika eSpeak NG, mfumo uliotokana na kazi ya Jonathan Duddington iliyoanza mwaka 1995, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Mucemi Gakuru na wenzake walitoa taarifa mwaka 2005 juu ya mfumo wa kusema Kiswahili waliouunda kwa kutumia Festival, chombo kilichotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tangu hapo makampuni makubwa yametoa sauti laini zaidi, zilizofunzwa kwa rekodi za wasemaji. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, inazo sauti za Kiswahili zilizotengwa kwa Kenya na nyingine kwa Tanzania. Kwa hiyo swali la leo si kama mashine yaweza kusema Kiswahili. Swali ni kama hukisema kwa namna ambayo mwanafunzi aweza kuitegemea.

Wako wanaojibu upesi kwamba Kiswahili ni lugha rahisi kwa mashine, kwa sababu huandikwa kama kisemwavyo. Jibu hilo lina ukweli mwingi. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake popote itokeapo. Mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Mwenye kuitungia mashine kanuni za Kiingereza hana budi kuandika maelfu ya maneno yasiyofuata kanuni. Mwenye kuitungia kanuni za Kiswahili huenda mbali kwa kurasa chache. Ndiyo maana hata sauti kavu ya eSpeak hueleweka katika Kiswahili mapema kuliko katika lugha nyingi. Lakini sifa hiyo ikikubaliwa bila kupimwa huficha mambo ambayo tahajia ya Kiswahili haiyasemi. Mambo hayo si mengi, ila yamekaa katikati ya sarufi na ya ushairi, mahali ambapo mwanafunzi hutahiniwa.

Jambo la kwanza ni herufi m na n zinapofanya silabi peke yake. Neno "mtu" lina silabi mbili, na "nchi" vile vile. "Mbuzi" lina mbili, ijapokuwa m yake haifanyi silabi. Tofauti hii msemaji huijua kwa mazoea, lakini karatasi haiionyeshi. Neno "mbuni" ndilo shahidi mzuri. Mbuni yule ndege mkubwa asiyeruka ni neno la silabi mbili, mbu-ni. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ni neno la silabi tatu, m-bu-ni, kwa kuwa m yake ni kiambishi cha ngeli, na wingi wake ni mibuni. Mbuni, yaani mtu abuniye jambo, ni la silabi tatu pia, na wingi wake ni wabuni. Herufi ni zile zile. Usomaji ni mbalimbali. Upatanisho waweza kuisaidia mashine kuutambua mti, maana mti hunyauka kwa "umenyauka" na ndege hukimbia kwa "amekimbia"; lakini kati ya ndege na mtu mbunifu upatanisho wa umoja ni mmoja, na hapo haina budi kutazama maana. Mashine isiyojua ngeli husoma yote matatu kwa namna moja, na kwa kila sentensi kama hiyo hupotosha moja au mbili.

Kwa kiasi kidogo mkazo nao una shauri hilo hilo. "Barabara" ya kupita magari hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "barabara" yenye maana ya sawasawa hukaziwa ya tatu kutoka mwisho. Na kwa msemaji wa Mvita au wa Lamu, "paa" mnyama hutamkwa kwa pumzi, na "paa" la nyumba bila pumzi. Tahajia sanifu haikuweka alama kwa tofauti hiyo. Hakuna anayeitaka mashine ijue lahaja zote. Lakini yafaa ijulikane kwamba kauli "Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo" ni kauli ya karibu, wala si ya hakika, na kwamba palipo na upungufu wa tahajia mwenye macho na asiyeona hawapati hasara sawa.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni hesabu. Vitabu vya shule vimejaa tarakimu: vitabu 3, watoto 5, miti 12, miaka 25. Mwenye kusoma kwa macho huziona tarakimu na kuzipatanisha mwenyewe bila kufikiri: vitabu vitatu, watoto watano, miti kumi na miwili, miaka ishirini na mitano. Mashine iliyopewa orodha ya majina ya tarakimu tu, bila habari ya jina linalohesabiwa, husoma "vitabu tatu", "watoto tano", "miti kumi na mbili". Hilo si kosa la matamshi. Ni kosa la sarufi, na ni lile lile ambalo walimu wa Afrika Mashariki wamelipiga vita madarasani kwa miaka mingi. Mwanafunzi asiyeona hulisikia mara kumi katika ukurasa mmoja wa hesabu au wa jiografia, likitoka katika chombo alichopewa na shule yenyewe. Kisha katika karatasi ya Kiswahili huulizwa asahihishe "vitabu tatu".

Wala dawa yake si fumbo. Kanuni za upatanisho wa idadi zaelezeka kwa ufupi. Moja hadi tano, na nane, hupatana na jina. Sita, saba, tisa na kumi hazipatani. Katika namba ya sehemu nyingi ni tarakimu ya mwisho tu ipatanayo, kwa hiyo vitabu 205 ni mia mbili na vitano, wala si mia viwili. Mia na elfu zenyewe huhesabiwa kwa umbo lisilopatana na kitu: miaka 500 ni miaka mia tano, kamwe si mia mitano. Jina la mwaka halipatani, kwa maana "mwaka 1965" hutaja jina la mwaka na hauhesabu miaka. Baada ya kihusishi cha -a tarakimu huwa ya mpango: karne ya 2 ni karne ya pili, na sura ya 1 ni sura ya kwanza. Katika ngeli ya nyumba na meza, idadi haipokei kiambishi, na hapo mashine husibu bila kujua imesibu kwa nini. Shida iliyobaki ni kulitambua jina lenyewe, hasa likitengwa na sifa, kama katika "vitabu vizuri 3". Hata hivyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo la 1981, huonyesha kwa kila jina upatanisho wake. Maarifa ambayo mashine imekosa yamechapishwa zamani, na wenye kuyachapisha ni wataalamu wa lugha. Kinachokosekana ni mtu wa kuyachukua kutoka rafu ya kamusi na kuyaweka ndani ya kanuni za mashine.

Jambo la tatu ni dogo kwa umbo, nalo ni kile kialama cha juu katika ng'. Kwa msomaji wa macho, kialama kilichonyooka na kilichopinda ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, zenye namba tofauti, na programu za kuandikia hubadilisha moja kuwa nyingine bila kumwuliza mwandishi. Mashine iliyofundishwa umbo moja tu ikikutana na lingine yaweza kulikata neno "ng'ombe" vipande viwili, au kuisoma ng yake kama ile ya "ngoma". Kitabu cha kale kikipigwa picha na kugeuzwa kuwa maandishi kwa kompyuta, kialama hicho ni miongoni mwa vitu vipoteavyo kwanza; na "ng'oa" ikibaki "ngoa", maana imekwenda nacho. Katika ushairi kialama hicho hicho kina kazi ya pili, maana huonyesha sauti iliyoachwa ili mizani itimie. Kwa hiyo mashine haina budi kujua kama kialama kiunde sauti au kionyeshe sauti isiyopo. Mhariri anayeandaa kitabu kwa wasioona angeweza kuokoa mengi kwa kuchagua umbo moja la kialama na kulishika tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Jambo la nne ni kuijulisha mashine lugha inayosomwa. Maandishi ya kompyuta yaweza kubeba alama isiyoonekana isemayo "haya ni Kiswahili". Watayarishaji wengi hawaiweki, kwa sababu macho hayaihitaji. Pasipo alama hiyo, mashine iliyowekwa kwa Kiingereza husoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Maneno "wake", "pole", "kale" na "mate", na hata Same, mji wa Kilimanjaro, yote yana umbo la maneno ya Kiingereza, nayo hutamkwa hivyo, wakati majirani yao katika sentensi hugeuzwa kuwa sauti isiyo ya lugha yoyote. Mwanafunzi huzoea, hujifunza kutafsiri kichwani kutoka katika mashine kuja katika Kiswahili. Watu humsifu kwa uhodari huo, na uhodari ni wake kweli, lakini ni kazi aliyotwishwa na mwingine aliyeacha kuweka alama moja. Kinyume chake ni kibaya vile vile: kitabu cha Kiswahili chenye jina la Kiingereza ndani yake, likisomwa kwa kanuni za Kiswahili, huwa kitendawili. Kila kipande kingetajwa lugha yake, matatizo yote mawili yangekwisha.

Hayo manne yahusu maandishi yote. La tano lahusu fasihi, na hapa mashine hupimwa kwa kipimo chake kigumu kuliko vyote. Utenzi hujengwa kwa vipande vya mizani nane. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, na kina cha kati huugawa mara mbili. Mizani ni silabi, na silabi husikika. Mtu angedhani basi kwamba asiyeona, akiwa na sikio lililozoezwa, hapa hana upungufu. Ndivyo ilivyo anaposomewa na mtu ajuaye. Lakini mashine iimezayo m ya "mtu" humpa mwanafunzi mizani saba palipo na nane. Akiambiwa ahesabu, atahesabu alichokisikia, na jibu lake litakuwa kosa ilhali sikio lake halina kosa.

Mpango wa shairi katika ukurasa nao huleta madhara. Wachapaji huliandika shairi pengine kwa kuacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao, na macho huivuka nafasi hiyo bila taabu. Mashine ikidhani kwamba ni safu mbili, yaweza kusoma ukwapi wote wa ubeti mzima kisha ndiyo isome utao wote, na ubeti hugeuka kuwa maneno yaliyotawanyika. Mwisho wa kipande usipokuwa na mkato, mashine huunganisha kipande na kinachofuata, na kina hupotea njiani. Vina ni nguzo za ushairi wa Kiswahili. Mwenye kusikia ushairi bila vina hajasikia ushairi, na mwalimu akimwuliza kwa nini shairi fulani ni zuri, atajibu kwa maneno aliyoyakariri kwa wengine. Tamthilia pia zina shida yake. Majina ya wasemaji na maelezo ya jukwaani husomwa kwa sauti ile ile ya maneno ya wahusika, na sentensi kama "Amekuja?", ambayo katika Kiswahili hutofautiana na "Amekuja" kwa mpando wa sauti tu, huhitaji mashine iiheshimu alama ya kuuliza.

Katika hali hii yaelekea kusemwa kwamba sauti mpya zilizofunzwa kwa rekodi za watu zitaondoa kasoro zote. Ni kweli kwamba zinapendeza sikio kuliko zile kavu, na mpando wake wa sauti ni karibu na wa binadamu. Lakini uzuri wa sauti si usahihi wa usomaji. Kosa katika sauti kavu hujulikana upesi, kwa sababu msikilizaji amekaa macho. Kosa katika sauti tamu hupita kama asali yenye mchanga. Tena sauti iliyotungwa kwa kanuni, mwalimu au mtaalamu wa lugha aweza kufungua kanuni zake, akaona penye kasoro na kupasahihisha. Sauti iliyofunzwa kwa mifano haina mahali pamoja pa kusahihishia, na aghalabu ni mali ya kampuni. Sauti nyingi za aina hii huhitaji intaneti, na shule nyingi za vijijini hazina intaneti ya kutegemewa. Na wasomaji wasioona waliozoea mashine huisikiliza kwa kasi kubwa mno, kasi ambayo mtu mgeni hawezi kushika neno. Katika kasi hiyo sauti kavu hubaki wazi kuliko nyingi zilizo laini. Kwa hiyo mwenye kuchagua kwa niaba ya wasioona kwa kufuata utamu unaompendeza yeye, aweza kuchagua vibaya.

Hata mashine isomayo bila kosa lolote haitoshi peke yake, na hapa ndipo maoni ya siku hizi yanapokosea zaidi. Husemwa kwamba nukta nundu zimepitwa na wakati, kwa kuwa sauti ni nyepesi na nukta ni ghali. Lakini sikio halioni nafasi kati ya neno na neno. Mwanafunzi aliyesikia tu hajui kama ni "kwa ajili ya" au "kwaajili ya", "kwa sababu" au "kwasababu". Hata wenye macho hukosea hapo, sembuse asiyewahi kuigusa nafasi hiyo. Sikio haliambii kwamba jina la mtu lina herufi kubwa, wala kwamba nukta-mkato imekaa mahali pa nukta. Na pale ambapo majirani wa mwanafunzi huchanganya l na r, au dh na z, sauti ipitayo mara moja haina nguvu ya kumsahihisha kama herufi iliyokaa chini ya kidole, ambayo aweza kuirudia hata aridhike. Anayesikiliza amepata habari. Anayegusa maandishi ameyapata maandishi yenyewe. Mtu hawezi kuitwa msomi wa lugha ambayo hajapata kuigusa tahajia yake.

Kwa bahati njema vitu hivi viwili havishindani tena. Kompyuta ile ile isemayo yaweza kuendesha kibao cha nukta ziinukazo na kushuka chini ya vidole, na kugeuza maandishi kuwa nukta nundu kwa programu kama Liblouis, iliyopewa jina kwa heshima ya Louis Braille. Lakini hapa pia lugha yadai haki yake. Nukta nundu za Kiingereza zilizofupishwa zina alama moja kwa "and", moja kwa "the", na moja kwa "ing", na programu ikiachwa katika Kiingereza huzitumia alama hizo popote herufi hizo zifuatanapo. Neno "mwandishi" hupata alama ya "and" katikati yake, ikikata silabi ya mwa na ya ndi. "Thelathini" huanza na alama ya "the". "Nyingi" hubeba alama ya "ing". Mtu mzima aliyesoma Kiingereza hulifumbua fumbo hilo. Mtoto wa darasa la pili hawezi, wala hana sababu ya kulazimishwa ajifunze Kiingereza ili asome Kiswahili. Ufupisho wa Kiswahili yapasa ufuate silabi na viambishi vya Kiswahili; nalo ni swali la isimu kabla ya kuwa swali la mashine.

Sheria zimekwisha kufungua mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, huitaka serikali iendeleze matumizi ya nukta nundu pamoja na lugha za wenyeji na lugha ya ishara ya Kenya. Tanzania ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka huo huo wa 2010. Mkataba uliokubaliwa mjini Marrakesh tarehe 27 Juni 2013, na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, huruhusu taasisi zilizokubaliwa kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioona bila kungoja idhini ya mwenye haki, na kuzipeleka nchi nyingine iliyojiunga. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Kwa lugha nyingi mkataba huo ni faida ndogo. Kwa Kiswahili ni kubwa, kwa kuwa riwaya iliyotayarishwa vizuri Nairobi yaweza kusomwa Tabora bila kubadilishwa neno, na diwani iliyosahihishwa Dar es Salaam yaweza kupelekwa Mombasa. Lakini vivyo hivyo nakala mbovu nayo husafiri. Kosa moja la kutayarisha, ambalo zamani lingebaki katika shule moja, leo laweza kuenea Afrika Mashariki nzima.

Hukumu juu ya msomaji huyu mpya basi ni hii. Ana bidii isiyochoka, anapatikana usiku na mchana, na amewapa wasioona uhuru wa kusoma gazeti, barua na kitabu bila kumwomba mtu. Yeyote anayelidharau hilo hajui taabu ya kungoja kusomewa. Usomaji wake wa nathari ya kawaida ni wa kuridhisha. Usomaji wake wa hesabu haufai kwa shule mpaka upatanisho wa ngeli uingizwe. Usomaji wake wa ushairi haufai kutahiniwa kwao mwanafunzi yeyote, na mpaka utengenezwe, tenzi na mashairi ya mtaala yasomwe na watu wajuao na kurekodiwa, pamoja na nakala ya nukta nundu mkononi.

Kasoro zilizotajwa hapa karibu zote si za uhandisi. Ngeli, silabi, mkazo, mizani na tahajia ni kazi ya vyuo vya Kiswahili, nayo imefanywa kwa vizazi, na matokeo yake yamo katika kamusi na vitabu vya sarufi. Wahandisi hawakuyapuuza kwa ubaya, hawakuletewa. Mtaalamu wa lugha anayedhani kwamba jambo hili si lake aketi saa moja na kuisikiliza mashine ikisoma kitabu cha darasa la tano, akiwa amefumba macho na bila kitabu mbele yake, kisha ajibu maswali yaliyo mwisho wa sura. Makosa atakayoyaandika ndiyo orodha ya kazi inayomngoja.